Aliyezaliwa Baada ya Ahadi

Alder Fork, Utah
9 Machi 1874

Mdogo wangu Tryphena,

Salamu zangu zikufikie wewe, Enos, watoto na wajukuu. Barua yako ya kabla ya Krismasi ilifika imelowa pembe moja, lakini ilisomeka. Nimefurahi kwamba Enos amepata nafuu ya kile kikohozi. Mwambie aache ubishi wa kulala dirisha wazi. Ujana umeshamuaga, na baridi inajua.

Huku tunaendelea. Lorin wangu amepata mtoto mwingine wa kiume, mkubwa kama ndama. Theluji inayeyuka, na wanaume wamekwisha kuanza kugombania zamu za maji ingawa mfereji bado mkavu. Mimi nimeletewa mayai ya viwavi wa hariri. Kina mama wa kanisa wameamua kwamba Utah itavaa hariri yake yenyewe, kwa hiyo chumba changu cha kulala kitageuka zizi la wadudu mpaka majani ya mforsadi yaishe. Usinicheke.

Baba Lorin macho yamemwisha. Sasa anaona mwanga na kivuli tu. Amehamia kwa mke mwenzangu Ingeborg moja kwa moja, maana nyumba yangu ina ngazi na yake haina. Ndivyo tulivyoelewana, na mimi sikulia. Kwangu huja asubuhi, akishikwa mkono na Kirstine, binti wa Ingeborg, na hukaa mpaka wakati wa chakula cha mchana.

Anakuja kwa sababu ya kitabu. Wakuu wa kanisa wamewaomba wazee wote waliobatizwa siku za mwanzo waandike habari za maisha yao kabla kaburi halijawanyamazisha. Mzee wangu amefurahi kama aliyeitwa upya. Yeye anasema, mimi naandika, kwa kuwa Ingeborg bado anaandika Kiingereza kama mtu anayekanyaga mayai. Tumekwisha kuandika utoto wake, na siku aliyobatizwa kule New York wakivunja barafu ya mto kwa shoka. Sauti yake ni ile ile, Tryphena. Akianza kusema nasahau kwamba ni kipofu.

Nina swali dogo. Baba yetu alihama Vermont mwaka gani? Mzee anasema ishirini na sita, mimi nasema ishirini na saba.

Tumeufikia mwaka wa thelathini na nane. Mwaka unaofuata unaujua.

Dada yako,
Permelia Winslade


Farmington, Iowa
28 Aprili 1874

Dada Permelia,

Shikamoo yangu na ya Enos. Tumezisoma salamu zako mezani, na Enos aliposikia habari za viwavi chumbani alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamtoa nje. Anasema dada wa mke wake amepata wapangaji wapole kuliko wale wa kanisa.

Ni mwaka ishirini na saba. Nilikuwa na miaka minne na nakumbuka ng'ombe amefungwa nyuma ya gari. Mwambie shemeji kwamba nabii anaweza kukosea hesabu.

Nina swali langu pia. Mwanaume mwenye wake wawili akipofuka, atajuaje ameamkia nyumba gani? Enos anasema kwa harufu ya mkate. Nijibu, tumewekeana dau la pai ya tufaha.

Nguruwe wamezaa vizuri. Mto ulifurika ukachukua uzio wa shamba la chini. Mwanangu mkubwa anataka kwenda Nebraska, na mimi namwambia aende, maana nimeona nini huwapata wanawake wanaowazuia wanaume waliokwisha kuweka mguu kwenye gari. Hata wasiowazuia nimeona.

Mwaka unaofuata naujua. Sina la kuongeza.

Mdogo wako,
Tryphena


Alder Fork
21 Juni 1874

Mdogo wangu,

Enos ameshinda dau. Ingeborg hutia iliki kwenye mkate, kama kwao Denmark, na mimi sitii. Mzee akiamka husema, "Iliki, basi niko nyumba ya chini." Mpikie Enos pai yake.

Viwavi wote wamejifunga ndani ya vifuko vyao vya hariri, chumba kimenyamaza, na mimi silali kwa huo ukimya. Nzige wamepita bonde la kaskazini, kwetu bado. Kirstine amechumbiwa. Sasa niseme kilichonifanya nikae siku nyingi bila kukuandikia.

Unaijua hadithi ya Mzee ya mwaka wa thelathini na tisa. Huisimulia kwenye kila mkutano mkuu, na watu huiomba kama watoto wanavyoomba hadithi ile ile. Kwamba sote tulikuwa kando ya Mississippi, tumefukuzwa Missouri, tumelala kwenye yale mabanda ya zamani ya askari, na homa ya kutetemeka haijabakiza mtu. Akaitwa kwenda kuhubiri Uingereza. Hakuweza kusimama, wakambeba na kumlaza garini. Kabla gari halijaondoka, wazee wakamwekea mikono kichwani wakamwahidi kwa jina la Bwana: nenda, na katika nyumba yako hatapotea hata mmoja. Akaenda. Alirudi baada ya miaka miwili akanikuta langoni na watoto wanne, na hapo katika hadithi huinua mkono na kuwahesabu kwa vidole, mmoja mmoja, na watu hulia.

Basi juzi tumeifikia. Nimeiandika yote, neno kwa neno, mpaka vidole. Nikangoja. Akasema, "Sasa andika, tulivuka mto tukajenga mji wa Nauvoo."

Nikamwambia, "Na Lodema?"

Akaniuliza, "Nani?"

Tryphena, hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za jirani mgeni. Nilichovya kalamu tena ingawa haikuwa imekauka. Nikamwambia, yule mtoto wa kike aliyezaliwa wewe ukiwa Uingereza.

Akasema kwa upole, ule upole anaoutumia kwa wafiwa, kwamba anakumbuka, nilimwandikia. Lakini mtoto yule alizaliwa baada ya ahadi. Ahadi ilikuwa ya waliokuwamo nyumbani siku ile, na hao Bwana aliwalinda wote.

Nikasema, "Alikuwamo nyumbani siku ile. Mimi nilikuwa nimembeba."

Akasema, "Permelia, hadithi hii imewatia nguvu watu wengi. Kuna vijana walioacha wake zao wagonjwa wakaenda kuhubiri kwa sababu waliisikia."

Nikasema, "Najua. Ndiyo maana."

Akaniambia, "Hukuniandikia hata jina lake." Nikamjibu, "Na wewe hukuniuliza." Ni kweli, sikuandika jina. Niliandika mstari mmoja, kwamba mtoto aliyezaliwa hatunaye. Mama mmoja wa kanisa alinishauri nisiseme zaidi, nisije nikaitia kazi ya Bwana uzito. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilidhani akirudi ataniuliza, nami nitamweleza. Alirudi akahesabu wanne, watu wakalia, na tangu hapo sikupata pa kuingilia.

Nimeosha kalamu nikafunga wino. Nimemwambia sitaandika tena mpaka mtoto awe kitabuni. Angekuwa mtu mwingine angetumia hila: yeye ni kipofu, na mkono unaoandika ni wangu. Wazo hilo lilinijia, sikudanganyi. Lakini sitaki Lodema aingie kwa mlango wa nyuma katika nyumba ya baba yake.

Wewe ndiwe uliyekuwa nami kule mabandani. Niandikie.

Permelia


Farmington
14 Septemba 1874

Dada Permelia,

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mavuno.

Mahindi ni haba, joto lilikuwa kali. Mitufaha imezaa mpaka matawi yamevunjika, tufaha nyingi nimezikausha, nyingine nimewapa nguruwe. Mwanangu hakwenda Nebraska tena. Binti yangu yuko hapa nami kwa muda. Nimeuza farasi mweusi.

Kuhusu kitabu, mwandikie anavyotaka. Maisha ni yake.

Ulinikataza nisimtaje. Ulinikataza kwa kinywa chako, asubuhi mlipokuwa mnavuka mto kwenda magharibi mwaka wa arobaini na sita, mikono yako imenishika mabegani, na mimi nikakuapia. Sijamtaja. Nimeolewa, nimezaa sita, nimewazika wawili, na hata mbele ya makaburi ya hao wawili sikumtaja yule. Usinifungue kwa mstari mmoja wa wino kama mtu anayefungua gunia.

Ubaki salama.

Tryphena


Alder Fork
19 Oktoba 1874

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kwanza nilikasirika, kisha nikaona haya, kisha nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona mwanzo. Umeandika tufaha, nguruwe, farasi, mwana, binti. Enos hukumtaja. Na farasi mweusi alikuwa wa Enos. Sikuulizi kwa nguvu. Nakuambia tu kwamba nimeona.

Huku mambo yamekwenda hivi. Mzee alimpa Kirstine kazi ya kuandika. Kirstine ni mtoto mzuri lakini akili yake iko kwa mchumba. Mzee akisema "nabii" yeye anaandika jina la kijana. Walikazana mwezi mzima. Ingeborg mwenyewe alinijia huku, akakaa kwenye kiti cha jikoni na aproni yake imejaa unga, akaniambia, "Dada mkubwa, anasoma kichwani ile sehemu ya kuhesabu watoto kila siku. Akifika kidole cha nne anasimama. Sasa hata chakula hali vizuri. Umemfanya nini?"

Nikamweleza. Mke mwenzangu huyu tumekaa naye miaka ishirini, tumegombania ndoo, jiko, siku za Mzee, na kila kitu wanawake wawili wanaweza kugombania. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye amezika wawili na wote majina yao yamo kwenye Biblia ya nyumbani, kwa mwandiko wa Mzee. Alikuwa hajui kama mimi nina wa kwangu asiyeandikwa. Akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo, Jumamosi, niliona mtu anakuja kando ya uzio. Alikuwa yeye, peke yake, bila Kirstine, mkono mmoja kwenye fito za uzio, mwingine mbele, anapapasa. Pale uzio unapoishia kuna mfereji. Nilitaka kukimbia nikamshike, lakini nadhani moyo ulikataa kidogo. Aliingia kwenye maji mpaka magotini, akavuka, akapanda ngazi zangu kwa mikono kama mtoto.

Nilimvua buti, nikamfunga shuka miguuni. Hakusema chochote cha kitabu. Kisha akaniuliza, "Alikuwa anafananaje?"

Miaka thelathini na minne nimelingoja swali hilo. Nilifungua kinywa kumjibu, Tryphena. Sikumbuki. Nakumbuka dari. Nakumbuka theluji iliyoingia kwenye nyufa na kukaa juu ya blanketi bila kuyeyuka. Nakumbuka wewe ukipita na kitu mikononi. Homa ilinichukua akili kabla hajazaliwa na kunirudishia alipokuwa amekwisha kuzikwa, na uso wake haumo. Jina nilimpa mimi, hilo najua. Uso sina.

Nilimwambia ukweli. Nikamwambia, hata mimi sijui. Na wazee wawili tukakaa pale, baba na mama, hakuna anayemjua mtoto wake.

Anayemjua ni wewe peke yako. Kile kiapo nilichokulisha nakifungua mimi mwenyewe, na si kwa mstari mmoja. Nakuomba kama mtu anavyoomba maji. Baba Lorin kifua kimeanza kumbana na majira ya baridi yako mlangoni. Kila gari la posta likipita anauliza.

Permelia


Farmington
6 Desemba 1874

Dada yangu,

Enos alifariki Agosti. Kile kikohozi hakikuondoka, kilijificha tu. Alikuwa anakula supu, akaniambia chumvi imezidi, akaegemea ukuta. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho duniani, kwamba chumvi imezidi, na kweli ilikuwa imezidi. Sikukuandikia kwa kuwa nilijua utaniandikia habari za mbinguni, na mimi sikutaka mbingu, nilitaka Enos anune juu ya chumvi. Usinijibu hapa. Nimekuambia ili ujue, basi.

Sasa habari za yule mwingine.

Alizaliwa mwishoni mwa Januari, asubuhi, baridi ikiwa imepasua ndoo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sikuwahi kuona mtoto akizaliwa. Mama mkunga alikuja akakata kitovu akaenda kwa mwingine, maana kila banda lilikuwa na mtu wa kufa au wa kuzaliwa. Wewe ulikuwa unatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Ulimtazama mara moja ukasema, "Lodema," ukafumba macho. Kwa hiyo usiseme hukumwona. Ulimwona.

Alikuwa mdogo, mrefu wa miguu. Nywele nyeusi, ambazo zilikatika kisogoni kwa kulalia zikabaki mbele kama kofia iliyorudi nyuma. Sikio la kushoto lilikuwa limejikunja juu. Nililinyoosha kila siku kwa kidole likarudi kila siku. Macho yalikuwa bado hayajaamua rangi. Alishikwa na kwikwi mara kwa mara, na kila kwikwi ilimshangaza upya, kana kwamba mtu amemsukuma kwa nyuma.

Maziwa yako yalikauka. Nilimlisha uji mwepesi wa mahindi uliochujwa kwa kitambaa, na maziwa ya ng'ombe nilipoyapata, kutoka kwa mwanamke mmoja wa Ireland aliyekaa juu ya mto, ambaye hakuwa wa dini yenu wala hakuuliza dini yangu. Hakulia sana. Akilia, kulikuwa na kitu kimoja cha kumnyamazisha: shoka. Nikipasua kuni nje ya mlango, alikuwa ananyamaza na kusikiliza. Watu walidhani mimi ni msichana mchapakazi. Nilipasua kuni kuliko tulizoweza kuchoma.

Alikuwa ameanza kutabasamu. Si kwa upepo wa tumbo kama wanavyosema. Alikuwa ananitazama mimi.

Aprili kifaduro kilipita mabandani. Wale wanne wako walikohoa wakapona. Yeye hakuwa na mahali pa kuweka kikohozi kikubwa namna ile. Alikaa nacho chini ya wiki. Siku ya mwisho barafu ya mto ilikuwa inavunjika, inapiga kelele kama mizinga, na nikamwambia, sikia, ni shoka kubwa. Nilikuwa nimemkalisha hapa, kati ya shingo na bega. Alinyamaza kusikiliza, na hakuendelea.

Nilimwosha. Fundi wa vioo alinipa sanduku. Nilimvika koti langu la sufi lililokatwa. Tulimzika kwenye mwinuko, mimi na yule mwanamke wa Ireland na mumewe aliyechimba. Yule mwanamke alisema sala zake za Kikatoliki na nilimwacha aseme, hakukuwa na mwingine wa kusema. Nilipita pale kwa treni miaka kadhaa baadaye. Mwinuko haupo, udongo wake umelaliwa na reli. Usimtume mtu kutafuta.

Watu wenu walikuja baadaye. Mmoja akaniambia ahadi ya Bwana kwa Ndugu Winslade imetimia, wanne wote wazima. Nilikuwa bado nina maji ya kuoshea kwenye beseni. Ndiyo siku nilipotoka kwenye kanisa lenu, ingawa miguu ilichukua miaka kadhaa kufuata.

Msomee shemeji. Sina chuki naye kama zamani. Nimechoka, na yeye amevuka mfereji.

Tryphena


Alder Fork
17 Februari 1875

Mdogo wangu mpenzi,

Umenikataza kusema habari za Enos, nami natii. Niliketi tu na barua hiyo mapajani, nikamlilia kwa sauti peke yangu.

Theluji ilifunga njia ya mlimani wiki nyingi. Gari la posta lilipofika lilileta magunia matatu kwa mpigo, na barua yako ilikuwa ndani ya la mwisho. Baba Lorin tulikuwa tumemzika juma lililotangulia.

Nikueleze jinsi ilivyokuwa.

Alihamia kwangu Desemba, kwa hiari yake, licha ya ngazi. Ingeborg mwenyewe alibeba godoro. Alikuwa anaingoja barua. Mlima ulipofungwa alingoja hivyo hivyo. Mwezi wa Januari kifua kikamkaza, na siku moja, tumekwisha kunywa mchuzi, mimi na Ingeborg tuko wote chumbani, akasema hangoji tena. Akaniuliza kama mtoto aliwahi kupewa jina mbele ya kanisa. Nikamwambia hapana, baba yake hakuwepo na hakuna aliyejitolea.

Unaijua desturi yetu. Baba humshika mtoto, humtaja jina lake, kisha humbariki, na katika baraka humwahidi: afya, miaka mingi, mume mwema, kizazi. Mzee huyu amebariki watoto wa bonde hili mpaka hawahesabiki, na ahadi zake ni maarufu. Akasema nisogee. Akaweka mikono yote miwili juu ya mapaja yangu, pale anapolala mtoto aliyepakatwa, viganja vimeangalia juu. Akasema kwa ile sauti ya mikutanoni, "Lodema Winslade. Mimi baba yako nakupa jina hili, na ndilo utakaloitwa."

Nikafumba macho kungojea baraka. Ingeborg naye aliinamisha kichwa. Tulingoja. Mkaa ulianguka ndani ya jiko. Mtu huyu, Tryphena, aliyepewa ahadi na kutoa ahadi maisha yake yote, hakuahidi kitu chochote. Alisema "Amina" tu, akarudisha mikono.

Kesho yake akaniambia nifungue wino. Nikakaa. Akasema maneno machache kwa muda mrefu, na nimeyaandika kama yalivyotoka: "Niliahidiwa kwamba katika nyumba yangu hatapotea hata mmoja. Alipotea mmoja. Jina lake Lodema. Sikumwona, na kwa miaka mingi niliwahesabu watoto wangu mbele za watu nikamwacha. Niliondoka kwa imani, na mke wangu akabaki na gharama yake. Sijui kwa nini Bwana alinena vile. Nitamwuliza." Nikamngojea aendelee, kuna Nauvoo, kuna kuvuka nyika, kuna bonde hili lote alilolijenga. Akasema, "Imetosha kwa leo." Haikuwapo leo nyingine.

Ndugu wawili wa kanisa wamekuja kutoka mjini kuchukua kitabu. Watu wa heshima, walivua kofia. Walisoma ukurasa wa mwisho wakatazamana. Mmoja akasema kwamba kitabu cha mtu mkubwa namna ile hakiwezi kukomea mwaka wa arobaini na moja, na kwamba mimi, niliyekuwa naye siku zote, ningeweza kukikamilisha kwa kumbukumbu zangu. Na labda, kwa kuwa marehemu alikuwa mgonjwa, ule ukurasa ungepumzishwa. Nilifikiri Ingeborg yuko jikoni. Kumbe alikuwa mlangoni. Akasema kwa Kiingereza chake, "Alikuwa na akili zake. Mimi nilikuwapo." Nikawaambia kitabu kimekwisha, wakichukue kizima au wakiache. Wamekichukua. Watakifanya nini mimi sijui, na sitakuwa na nguvu ya kuwafuata.

Barua yako nimemsomea Ingeborg, maana lazima nimsomee mtu. Nilipofika kwenye shoka alinizuia mkono, tukapumzika, kisha nikaendelea. Ananiuliza maswali ambayo sina majibu. Kama alikuwa na kucha ndefu. Kama aliwahi kucheka kwa sauti. Namwambia, mdogo wangu ndiye ajuaye.

Uko peke yako kwenye nyumba ile, na mimi ninacho chumba ambacho viwavi hawatakihitaji mpaka Mei. Treni inafika Ogden. Lorin atakupokea kwa gari la farasi.

Permelia


Farmington
11 Machi 1875

Dada Permelia,

Shikamoo. Nguruwe nimemwachia mwanangu, nyumba nimemwachia binti. Nitapanda treni juma la kwanza la Aprili, mito ikiruhusu.

Sitabatizwa tena, kwa hiyo kina mama wa hariri wasijisumbue. Sitapika supu. Mkate wa iliki nitauonja.

Mwambie Ingeborg kwamba kucha za mtoto zilikuwa laini kama karatasi, na nilikuwa nazikata kwa meno. Kucheka kwa sauti alicheka mara moja, na sikumwita mtu aje kumsikia, kwa sababu nilidhani atacheka tena.

Tryphena